Midomo Iliyotazama Kushoto

Watu wa kompyuta tuna maradhi yetu. Tukimkuta mtu anafanya kazi kwa daftari na penseli, tunamwonea huruma kabla hajafungua mdomo. Mimi maradhi hayo ninayo tangu nipate cheti, na miaka tisa ya kufundisha chuoni imeyakomaza. Naandika haya kwa sababu nina aibu ambayo sijui niiweke wapi, na kwa sababu niliyemwaibisha ni shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita.

Kila muhula nafundisha jinsi programu kuu ya kompyuta inavyogawa kumbukumbu kwa programu nyingine. Naanza na njia ya kizamani: kila programu ipewe eneo moja lisilokatika. Inapendeza machoni, lakini haichukui muda kuharibika. Programu zinaingia na kutoka, na baada ya muda unabaki na mianya, hapa nafasi mbili, pale tatu, na programu inayotaka saba inakosa pa kukaa ingawa ukijumlisha mianya yote unapata hata ishirini. Ndipo nawaonyesha dawa yake. Unaikata programu kuwa kurasa za ukubwa mmoja, unaikata kumbukumbu kuwa vyumba vya ukubwa uleule, na kila ukurasa unakaa popote penye chumba kitupu. Programu moja inatawanyika huku na huku, lakini kuna jedwali linalosema ukurasa wa kwanza uko chumba gani na wa pili uko chumba gani. Jedwali likiwa sahihi, mtawanyiko hauna neno. Likikosewa, basi tena, kwa sababu chumba chenyewe hakijui kimembeba nani.

Maneno hayo nimeyasema mara kumi na nane, muhula hadi muhula, nikiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto na kufuta kwa kiganja kile kile nilichotoka kuandika. Wanafunzi wananicheka kwa hilo, na mimi huwaacha wacheke. Nilipokuwa darasa la kwanza mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili nijifunze wa kulia. Shangazi alikuja shuleni na kanga yake begani, akakifungua kile kitambaa mbele ya darasa zima, akamwambia mwalimu: "Mwacheni mwanangu aandike kwa mkono aliopewa." Tangu siku hiyo hakuna aliyenigusa.

Shangazi alikuwa mtunza masjala wa hospitali, kwa miaka thelathini na mmoja. Wauguzi walimwita Mama Masjala, na nadhani wengi hawakujua jina lake. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, chenye dirisha moja la nondo na rafu za mbao kuta zote tatu, kuanzia sakafuni hadi darini, zilizogawanywa kuwa vijumba vidogo vinavyolingana. Kila kijumba kilikuwa na namba ya rangi nyeupe kwenye ukingo wake. Ndani ya kila kimoja ilikaa bahasha moja ya kaki, na kila bahasha haikuzidi karatasi arobaini. Mgonjwa akijaza bahasha ya kwanza, Shangazi alimfungulia ya pili na kuiweka kwenye kijumba chochote kilichokuwa wazi siku hiyo. Kwa hiyo mgonjwa mmoja wa siku nyingi aliweza kuwa na bahasha saba katika pembe saba za chumba.

Juu ya bahasha hakuandika kitu. Miaka ya nyuma mhudumu mmoja alisoma jina kwenye jalada akilipeleka wodini, na kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulijua binti wa watu anaumwa nini. Uchumba ukavunjika. Shangazi alifuta majina yote kwa mkono wake, moja moja. Tangu hapo jina lilikaa kwenye karatasi ya kwanza ya bahasha ya kwanza tu, na madaktari, wavivu wa kuandika kama tunavyowajua, waliacha wazi sehemu ya jina kwenye karatasi zilizofuata. Lililojua kwamba kijumba cha tisini kina bahasha ya tatu ya fulani lilikuwa daftari peke yake. Daftari jeusi, pana, lililoshonwa upya mara tatu kwa uzi wa viatu.

Najua unachofikiri. Mimi sikukifikiri.

Mganga mkuu wa hospitali alipotaka kuleta kompyuta, aliuliza nani anaweza kukagua masjala na kumwandikia ripoti. Shangazi ndiye aliyenitaja. "Mwanangu ni mwalimu wa kompyuta," alisema, na niliambiwa alisema hivyo korido nzima, hata kwa watu ambao hawakuuliza. Nikapewa Jumamosi na Jumapili, siku masjala inapofungwa.

Ijumaa jioni alinikabidhi ufunguo nyumbani kwake, mezani, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

"Tazama kwa macho, baba. Usihamishe kitu."

"Shangazi, mimi si mtoto."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia. Bahasha ikitoka kwenye kijumba chake bila kuandikwa, haina mwenyewe tena."

Nikacheka. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, huku kichwani nikitunga sentensi ya kwanza ya ripoti: *Hali ya masjala ni ya kusikitisha.*

Jumamosi asubuhi niliingia na mhudumu mmoja wa hospitali, kibarua mrefu ambaye wenzake walimwita Ngazi, kwa sababu alifika rafu ya juu bila kupanda kitu. Nilikaa saa nzima nikisoma daftari. Mgonjwa mmoja: kijumba cha 212, cha 47, cha 1,130, cha 9. Nikaguna. Nikamwonyesha Ngazi, nikamwambia, "Hebu ona. Mtu mmoja katupwa kama karanga zilizomwagika." Ngazi alitabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu ambaye siku inayofuata atahitaji tena kazi.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Ripoti mtu yeyote anaandika. Mimi ningempa mganga mkuu kitu cha kuona kwa macho: Jumatatu akifungua mlango, akute wagonjwa wamepangwa kwa mfuatano, kila mmoja na bahasha zake zote pamoja, zimefungwa kamba. Shangazi naye angeona jinsi mtoto aliyemlea alivyosoma. Nilitaka kumfurahisha, hilo ni kweli, lakini zaidi nilitaka kumwonyesha, na nimejifunza kwamba mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Tukaanza na ukuta wa kushoto. Mimi nasoma daftari, Ngazi anavuta bahasha kutoka kote chumbani, tunazifunga pamoja, tunazipanga ukutani kwa mfuatano. Lakini vijumba vya ukuta huo havikuwa vitupu, vilikuwa na bahasha za wengine. Kila tulipoweka moja, ilibidi tutoe moja. Zile tulizotoa tukawa tunaziweka sakafuni.

Adhuhuri Ngazi alisimama na bahasha mkononi, akatazama chini.

"Mwalimu, hizi za sakafuni tunaziandika wapi?"

"Twende tu. Tutajua."

"Maana Mama yeye huandika kwanza, ndipo anatoa."

"Ngazi, mimi hii ndiyo kazi yangu."

Akaendelea kuvuta.

Jumapili asubuhi nafasi ikaanza kutubana. Mgonjwa mwenye bahasha saba alitaka vijumba saba mfululizo. Tulikuwa na viwili mwisho wa rafu hii, vitatu mwisho wa ile, kimoja huku, na hakuna hata sehemu moja yenye saba. Mianya ilikuwa kila mahali na hakuna aliyeenea. Nikahamisha nyingine kupata nafasi, na nilipohamisha nikafungua mianya mipya. Sakafu ikajaa hadi mlangoni. Nilisimama katikati ya chumba na jasho linanitoka, nikaanza kuelewa kwamba sitamaliza. Bado sikuelewa nini nilichokuwa nikikitazama.

Nikaamua kurudisha. Zile tulizozifunga kamba zilikuwa na anwani, kwa sababu tulizivuta kwa kufuata daftari. Nikasoma namba tena, Ngazi akazirudisha moja baada ya moja, vizuri, jinsi Shangazi alivyomzoesha. Alipomaliza nilimwambia aende nyumbani.

"Na hizi?" aliuliza, akionyesha sakafu.

"Hizi nazijua mwenyewe."

Sikuzijua. Zilikuwa mia nne na kumi na nane, nilizihesabu. Ukuta wa kushoto ulikuwa na vijumba mia nne na kumi na nane vitupu, kwa hiyo kila bahasha ilikuwa na kwao humo, ila hapakuwa na mtu wala maandishi ya kusema kwao ni wapi. Nilifungua tatu, nne, nikaona tarehe, vipimo, mwandiko wa kuku wa madaktari, na hakuna jina. Sita zilinipasukia nikizibeba kwa haraka, karatasi zikamwagika na kuchanganyikana. Nikazizoa, nikazigawa katika bahasha mpya nilivyoona mimi. Kisha nikazichukua zote, nikazisukuma vijumbani, yoyote popote, hadi ukuta ukajaa na sakafu ikawa nyeupe. Nikafagia. Nikafunga mlango. Njiani nikamrudishia Shangazi ufunguo, akaniuliza, "Umeona?" nikamwambia, "Nimeona." Akaniwekea chakula na nikala.

Jumatatu saa mbili nilikuwa darasani. Somo la siku lilikuwa lile lile. Nikachora ubaoni mraba wa kumbukumbu, nikaugawa vyumba vinavyolingana, nikaweka namba pembeni mwa kila chumba. Upande wa pili nikachora jedwali: ukurasa wa kwanza, chumba 212. Mkono ukaandika namba hiyo wenyewe. Ukurasa wa pili, 47.

Nikasimama pale na chaki. Nilikuwa nikitazama daftari la Shangazi. Vijumba vyote sawa ili chochote kienee popote, mgonjwa amekatwa vipande vya arobaini ili asihitaji eneo refu, jedwali moja linaloshikilia yote. Alilibuni mwanamke aliyeishia darasa la saba, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo na wagonjwa wengi. Nami ninayelifundisha, ninayelitungia mitihani, nililikuta limeshonwa kwa uzi wa viatu na nikalicheka. Nilipata joto usoni, kisha masikioni. Mwanafunzi mmoja wa mbele akaniuliza kama niko salama, nikamwambia wafungue kitabu wasome wenyewe.

Nilitoka nikiwa nimeamua kwenda moja kwa moja hospitali kusema. Naapa nilikuwa nimeamua. Lakini simu yangu ilikuwa tayari ina ujumbe kutoka ofisi ya mganga mkuu: kesho asubuhi nihudhurie kikao.

Jambo lilikwisha kutokea. Asubuhi ile fundi mmoja mwashi alikuja kupasuliwa ngiri. Shangazi alivuta bahasha zake tatu kama daftari lilivyosema. Daktari wa upasuaji akafungua ya tatu, akasoma, akamtazama fundi aliyelala kitandani na ndevu zake.

"Hapa imeandikwa mimba ya tatu."

"Daktari, mimi hata ya kwanza bado," fundi akajibu.

Wauguzi wakacheka. Halafu fundi akaeleza kwamba miaka kumi na miwili iliyopita, katika hospitali hiyo hiyo, alipasuliwa mguu, na dawa ya usingizi waliyompa ilimlaza siku mbili, mkewe akaanza kulia msiba. Jina la dawa hakulijua. Lilikuwa kwenye bahasha ya tatu. Hakuna aliyecheka tena. Daktari akavua glavu. Fundi akarudishwa nyumbani na ngiri yake, akaambiwa asibebe kitu kizito hadi karatasi zipatikane, na mwashi asiyebeba kitu kizito hana kazi.

Kikaoni tulikuwa watano. Shangazi alikaa kiti cha mwisho, ameshika daftari mapajani kwa mikono miwili. Daktari wa upasuaji alisema kama bahasha ile ingekuwa ya mwanamume mwingine asingegundua, na fundi angeweza kufia mezani. Mganga mkuu akamuuliza Shangazi ilikuwaje.

"Daftari linasema tisini," Shangazi akajibu. "Na tisini haina kitu chake."

"Basi daftari lako limekosea, Mama."

Mganga mkuu akanigeukia. "Mwalimu, ulikuwa humo siku mbili. Wewe ndiye mtaalamu. Uliona nini?"

Mganga mkuu yule alikuwa rafiki wa mkuu wa chuo changu. Hilo nililikumbuka wakati huo, na naliandika si kwa kujitetea bali ili mjue kitu kidogo kiasi gani kilitosha.

"Niliona utaratibu mgumu," nilisema. "Unategemea sana mtu mmoja. Kosa kama hili lingetokea tu, mapema au baadaye."

Kila neno ungeweza kulitetea. Yote kwa pamoja yalikuwa uongo wa mchana kweupe.

Shangazi akainua uso. Alinitazama bila hasira, jinsi alivyokuwa akinitazama nikitoka shule na madaftari machafu. Akasema, "Mwalimu, una jingine la kuongeza?"

Hakuwahi kuniita Mwalimu. Mimi ni mwanangu, mimi ni baba, nikimuudhi mimi ni wewe mtoto.

"Sina," nikasema.

Siku hiyo hiyo tangazo likabandikwa ubao wa korido: mtunza masjala ameondolewa kwa uzembe uliohatarisha maisha ya mgonjwa, na amepelekwa stoo ya mashuka. Alibakiza miezi minne kustaafu. Akawa anahesabu mashuka yanayotoka kufuliwa, kwenye stoo isiyo na dirisha, na wauguzi waliomwita Mama Masjala sasa hawakujua wamwiteje, wakawa wanapita wakiangalia simu. Kila mgonjwa aliyesubiri kwenye benchi la korido alilisoma tangazo lile, maana hapakuwa na kitu kingine cha kusoma.

Lakini masjala haikuwa na mwingine wa kuiweza. Kwa hiyo kila siku saa tisa na nusu, akishamaliza mashuka, alipewa ufunguo arekebishe ukuta wa kushoto hadi saa kumi na mbili. Nikajitolea kumsaidia. Ndiyo, nilijitolea. Mganga mkuu akanishukuru, akasema vijana wa siku hizi wenye moyo wa kuwasaidia wazee wao ni wachache. Nilimeza shukrani hizo mbele ya Ngazi, aliyekuwa akipiga deki hatua tatu kutoka pale. Aliinamisha kichwa, akasugua sehemu moja ya sakafu kwa muda mrefu.

Majuma matatu tulikaa kwenye meza moja, mimi na Shangazi, tukifungua bahasha zisizo na mwenyewe. Sikuwahi kuona mtu akisoma vile. Alitambua mwandiko wa madaktari waliohama zamani. Alilinganisha karatasi ya mwisho ya bahasha moja na ya kwanza ya nyingine, akaona wino ule ule, tundu lile lile la pini. "Huyu ni yule wa presha aliyekuwa anakuja na kuku," alisema. "Huyu ni mama pacha. Mtazame uzito wake, alikuwa haongezeki kabisa, tulimwogopea." Akiwa na hakika aliandika kwanza kwenye daftari, ndipo akainuka kuirudisha. Mimi nilikuwa nafungua na kufunga. Mara nyingine fundi mwashi alikuja kuchungulia mlangoni, mkono kwenye kinena, akauliza, "Mama, bado?" Shangazi akajibu, "Bado, baba, lakini ipo." Nami nikawa natazama meza.

Siku ya kumi na saba hivi alinyoosha mkono kwenye ukuta, akavuta bahasha moja nusu, akaiacha hapo.

"Njoo uone."

Nikasogea.

"Mdomo wake unatazama wapi?"

Nikaangalia. Sehemu ya bahasha inayofunguka ilikuwa upande wa kushoto.

"Kushoto."

"Na hii ya Ngazi?" Akavuta nyingine ukuta wa pili. Kulia. "Na hii yangu?" Kulia. "Miaka thelathini na mmoja, bahasha zangu zote zinatazama kulia, kwa sababu ninazivuta kwa mkono wa kulia. Ngazi nilimfundisha hivyo hivyo. Ile Jumatatu jioni baada ya fundi kuondoka nilipitia ukuta huu kijumba kwa kijumba. Mia nne na kumi na nane zilikuwa zinatazama kushoto." Akairudisha bahasha polepole. "Hospitali hii nzima mwenye mkono wa kushoto ninayemjua ni mmoja, na nilimfungua mwenyewe kitambaa."

Nikakaa kwenye kiti. Alijua kabla ya kikao. Aliingia kikaoni akijua, na daftari mapajani.

"Shangazi, kwa nini hukusema?"

"Nilikuuliza mbele ya watu. Nilikuuliza una jingine la kuongeza."

Nikajaribu kusema samahani. Nililia, mtu mzima mwenye watoto wawili, na yeye hakunibembeleza. Aliniacha nilie kidogo, kisha akasema jambo ambalo lilinikata zaidi.

"Mimi pia nina kosa langu. Ile ya fundi, nilipoivuta niliona mdomo umegeuka. Nikasema ni uzee wangu. Nikaipeleka."

Asubuhi yake nilikwenda kwa mganga mkuu. Nilisema yote nikiwa nimesimama: kuhamisha, kurudisha, kusukuma popote, kunyamaza. Akavua miwani, akasema, "Mwalimu, nilikutegemea," na hakuna kingine alichosema juu yangu. Adhabu ya Shangazi ikafutwa, akarudishwa masjala. Nikaomba na mimi nibandike tangazo. Akasema yaishe kimya kimya. Nikakataa, na nakiri kwamba nilipokataa nilijisikia vizuri, karibu mtu mwema. Nikaliandika mwenyewe, nikalisaini, nikalibandika pale pale lilipokuwa lile la kwanza:

*Bahasha mia nne na kumi na mbili zilihamishwa bila kuandikwa na mwalimu wa kompyuta aliyepewa ruhusa ya kukagua tu. Mtunza masjala hakuwa na kosa lolote.*

Nilikuwa bado nasukuma pini ya mwisho Shangazi alipofika, ametoka stoo na ufunguo wake mkononi. Fundi mwashi alikuwa kwenye benchi kama kawaida, akainuka na kuja kusoma pamoja naye, kidole kikifuata mstari. Shangazi akasoma hadi mwisho. Nilikuwa nasubiri aniangalie.

"Ni mia nne na kumi na nane," akasema.

Nikaisukuma tena pini iliyokwisha kuingia.

"Sita ulizipasua, ukachanganya karatasi zake. Nimezikuta. Bahasha mpya, na ndani watu sita wamechanganyika. Hizo hukuziandika hapa."

Ni kweli sikuziandika. Hata kwa mganga mkuu sikuzitaja. Nilikuwa nimeungama kila kitu, na bado mkono wangu ukaacha sita, zile ambazo haziwezi kurekebishwa kwa kurudishwa tu mahali.

Akanipa kalamu iliyokuwa imechomekwa kwenye daftari. Nikakata *mbili*, nikaandika *nane*, na chini yake nikaongeza juu ya zile sita, wino ukichafuka kila kiganja kilipopita. Fundi akasubiri nimalize ndipo akasoma tena, kwa sauti, neno kwa neno. Akageuka kwa Shangazi.

"Mama, na yangu ni moja ya hizo sita?"

"Ndiyo, baba. Ipo humo, vipande vipande."

"Na huyu mwalimu ni nani?"

Shangazi akanigeukia. Korido ilikuwa na watu wengi, na kwa mara ya pili alikuwa ananiachia nafasi.

"Ni mimi," nikasema.

Fundi alinitazama kuanzia viatuni hadi usoni, kisha akautazama mkono wangu wenye wino. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Yeye alirudi kwenye benchi lake, akakaa kwa uangalifu, akikibana kinena.

"Basi ingia ukanitafutie," akasema. "Mimi nipo hapa."